Sukari Ikishuka si Habari Njema

Shangazi yangu aliporuhusiwa kutoka hospitalini, alikabidhiwa insulini, sindano, mashine ndogo ya kupimia damu na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu. Siku ya nne alijidunga asubuhi kama alivyoagizwa, kisha akaenda shambani kabla ya kutia chochote kinywani. Tulimkuta ameketi chini ya mwembe, jasho likimtiririka, maneno yake hayashikani. Mashine ilionyesha 2.6. Binamu yangu akashusha pumzi: "Afadhali, mama, sukari imeshuka!"

Binamu huyo amesoma, wala simlaumu. Katika lugha yetu, homa ikishuka ni nafuu. Presha ikishuka ni nafuu. Bei ya unga ikishuka twashangilia. Nani angedhani kwamba sukari nayo, ikishuka chini ya 4 kwa mtu atumiaye insulini, inaweza kumpoteza fahamu na hata kumuua? Jina lenyewe la maradhi linapotosha. Mgonjwa husikia "kisukari" akadhani adui yu ndani ya kikopo cha sukari peke yake. Huinywa chai kavu kwa ushujaa, kisha akamega mlima wa ugali, ilhali wanga huo nao hugeuka sukari damuni.

Aliyemwokoa shangazi ni jirani ambaye mumewe ana maradhi hayo hayo. Maadamu mgonjwa aliweza kumeza, alimnywesha maji yaliyokorogwa vijiko vinne vya chai vya sukari, akangoja dakika 15, akapima tena, ndipo akampa chakula. Angekuwa amezimia, alituambia, asingemtia kitu kinywani asije akapaliwa, angekimbizwa hospitalini. Dakika tano za maelezo hayo, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, zingetosha siku ile ya kuruhusiwa, naye mwanawe akiwapo asikie.

Jioni niliisoma karatasi ile. Dozi ilikuwa 10, ikifuatwa na herufi U, ufupisho wa uniti. Mwandiko ulikuwa wa haraka, na U ile ilikuwa imefumba kichwa. Macho ya mzee yangesoma 100. Nilimpigia simu muuguzi akanithibitishia, nami nikaikata kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia mitihani, nikaandika juu yake: uniti kumi, baada ya chakula kuwa tayari mezani.