Likizo ya Uzazi Imekwisha: Je, Nimwachishe Mtoto Ziwa?

SWALI:

Mimi ni mama wa Makwale, Kyela, nimeajiriwa kuweka hesabu kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Likizo ya uzazi imekwisha na mwanangu wa kiume hajatimiza miezi mitatu. Mama mkwe anataka nimwachishe ziwa, aanze uji. Jirani anayemnyonyesha binti yake amejitolea kumnyonyesha na wangu nikiwa kazini. Dini inasemaje?

JIBU:

Dada yetu, kurudi kazini si lazima kuwe mwisho wa kunyonyesha. Suratul-Baqarah aya ya 233 imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Kuachisha kabla ya hapo kunafaa wazazi wawili wakiridhiana na kushauriana. Aya hiyo pia imembebesha baba chakula na mavazi ya mama, na imekataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe. Kwa hiyo shauri hili ni lako na mumeo. Mama mkwe mueleze kwa upole kwamba wataalamu wa afya wanahimiza maziwa ya mama peke yake, bila uji wala maji, hadi miezi sita.

Taabu iko kwenye hesabu: likizo ni siku 84, miezi sita ni kama siku 180. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Idai haki hiyo kwa adabu. Kama nyumbani ni karibu, nenda ukanyonyeshe, au mtoto aletwe.

Kama ni mbali, kamua maziwa kila baada ya saa tatu hivi, kwa mikono iliyooshwa, uyatie katika chombo safi chenye mfuniko. Maziwa yasipotolewa hupungua. Mahali pasipo na joto hukaa hadi saa nne, lakini kwa joto la Kyela ni bora yawekwe kwenye barafu au jokofu. Katika jokofu hukaa hadi siku nne. Anayemlea ampe kwa kikombe safi. Usiku na asubuhi mnyonyeshe mwenyewe.

Ama jirani, inajuzu, ila mfikiri kwanza. Kwa madhehebu ya Shafi, mtoto wa chini ya miaka miwili akinyonya mara tano mbalimbali, yule mama huwa mama yake wa kunyonya, na binti yake huwa dada yake, hawataoana kamwe. Maulamaa wengine wanahesabu hata mara moja. Na kwa wengi wao, maziwa yaliyokamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe yana hukumu hiyo hiyo. Mkikubaliana, waume wajue, iandikwe, na watoto waambiwe wakikua. Watu wengi hulipuuza hili, likaja kujulikana siku ya posa.

Wa-Allaahu A'lam.