Kobe wa Mjomba: Jinsi Tulivyoifanya Baiskeli Kuukuu ya Magurudumu Matatu Ivute Vizuri

Ukifika mpakani Busia asubuhi na mapema, utaona jambo ambalo wageni husimama kulitazama. Ni baiskeli kubwa za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wenyewe ni watu wenye ulemavu wa miguu, na wamepakia magunia, katoni na mitungi ya mafuta ya kupikia hadi mwendeshaji haonekani ukiwa nyuma. Mara nyingi kuna kijana anayesukuma. Kwa miaka miwili kijana mmojawapo nilikuwa mimi.

Makala haya yanaeleza jinsi tulivyoirekebisha baiskeli ya mjomba wangu, na kwa nini siku hizi siisukumi tena. Wanaopenda Fizikia watafurahi. Wasioipenda nawaomba wavumilie kidogo, hesabu si nyingi.

ASILI YAKE

Sisi watu wa mpakani na magurudumu ni damu moja. Neno boda boda, ambalo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa huku kwetu katika miaka ya 1960. Vijana walibeba abiria kwa baiskeli kutoka boda ya Kenya hadi boda ya Uganda, kisha kazi hiyo ikaenea Malaba na kwingineko. Lakini mtu ambaye polio imemharibu miguu atapigaje pedeli? Huyo alihitaji baiskeli ya mikono. Hali ni hiyo hiyo kati ya Goma na Gisenyi, na pia Kinshasa, ambako baiskeli kama hizi huvushwa kwa feri hadi Brazzaville zikiwa na shehena.

Tena si jambo geni duniani. Mwaka wa 1655, karibu na mji wa Nürnberg huko Ujerumani, fundi wa saa aitwaye Stephan Farffler, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu akikiendesha kwa kuzungusha mikono. Kumbe chombo hiki kilibuniwa na yule yule aliyekihitaji!

Baiskeli ya mjomba tuliipa jina la Kobe. Ana umri mkubwa kunizidi mimi. Mjomba alimnunua akiwa amekwishatumika sana, ameungwa kwa mabomba ya maji, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, yote ya Black Mamba. Pedeli zimewekwa juu, mbele ya kifua, na cheni inashuka hadi gurudumu la mbele. Kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linalovuta, na hilo hilo ndilo linalokata kona.

KILICHOTUSUKUMA

Kobe alikuwa mzito ajabu. Bila msukumaji, mjomba hakuweza kupanda hata kimwinuko kidogo. Msukumaji anataka malipo, na siku mbaya malipo hayo yalimaliza faida yote. Ndipo nikaanza kusukuma mimi, kwanza Jumamosi, halafu siku za soko, halafu ikawa karibu kila Alhamisi. Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa darasa aliniuliza mbele ya wenzangu kama Alhamisi kwetu ni sikukuu. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Kisha ikaja siku yenyewe. Tulikuwa tumepakia magunia mawili ya mahindi, tunateremka. Nilikuwa nimemshika Kobe kwa nyuma nikimzuia, maana breki ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya jina. Nikateleza. Mikono ikaniponyoka! Kobe akaondoka mbio na mjomba juu yake, akielekea kwenye foleni ya malori. Mjomba akakata kona na kuingia katika rundo la murram kando ya barabara. Magunia yakamwagika, yeye akabaki amekaa katikati ya mahindi, mzima. Alinitazama akasema, "Omwiwa, hii baiskeli itatuua sisi wawili." Omwiwa kwetu ni mtoto wa dada.

Wiki iliyofuata tulimpakia Kobe kwenye pikapu, tukampeleka kwa fundi wa jua kali kwetu Khunyangu, upande wa Butula.

KWANZA: NGUVU INAPOTELEA WAPI?

Nilidhani fundi ataanza na kuchomelea vyuma. Wapi! Alichora mstari kwenye kijiteremko, akaweka mjomba juu, akamwachia Kobe aende mwenyewe bila kuzungushwa. Akasimama baada ya hatua 14. Fundi akasema, "Usitafute nguvu mpya kabla ya kujua ile uliyonayo inapotelea wapi." Baada ya kila badiliko tulirudi kwenye mstari ule ule. Tena alibadilisha kitu kimoja kwa wakati, maana ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Tulifungua magurudumu. Golori za beringi zilikuwa zimekauka, grisi imegeuka udongo, nyingine zimemeguka. Tukaosha kwa mafuta ya taa, tukatia golori mpya na grisi, tukakaza hadi gurudumu lizunguke bila kuchezacheza. Kobe akafika hatua 19.

Kisha fundi akachukua uzi. Alipima umbali kati ya magurudumu mawili ya nyuma, kwanza upande wa mbele, halafu upande wa nyuma. Vipimo havikulingana, tofauti ilikuwa karibu sentimita 3. Maana yake ni kwamba magurudumu hayo hayakutazama mbele sawasawa, kila moja lilitaka kwenda kwake, hivyo tairi zilikuwa zinaburuzwa badala ya kuviringika. Ndiyo sababu mjomba alimaliza tairi upesi upande mmoja tu. Fundi akakata, akanyoosha, akachomelea upya. Halafu tukajaza upepo hadi tairi ikawa ngumu kwa kidole, kwa kuwa tairi laini hubonyea na kula nguvu. Tulipomwachia tena, Kobe alikwenda hatua 31! Na hapo bado hatujagusa gia.

PILI: GIA

Hapa ndipo nilipoelewa somo la mashine sahili ambalo darasani lilinipita kwa kutokuwepo.

Gia ya juu ya Kobe, ile ya pedeli, ilikuwa na meno 44, na fraiwili ya gurudumu meno 18. Gawanya 44 kwa 18, unapata kama 2.44. Yaani ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mikono ulimpeleka Kobe mita 5.4. Inafaa kwa miguu ya kijana mwenye baiskeli tupu, lakini kwa mikono na mzigo ni mateso.

Hebu tupige hesabu. Mjomba ni kilo 60, Kobe kilo 60, gunia moja la mahindi kilo 90. Jumla kilo 210. Kwenye mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 20, mzigo huo unakuvuta nyuma kwa kani ya kama kilo 10 na nusu, bila kuhesabu msuguano. Mkono wa pedeli una urefu wa sentimita 17, hivyo viganja husafiri mita 1.07 kwa mzunguko mmoja. Kwa gia ya zamani, mikono yote miwili ingehitaji kusukuma kama kilo 53. Nani ataweza hayo kutwa nzima?

Fundi alijaribu kwanza kuweka fraiwili kuukuu ya meno 18 kule juu, akiichomelea isizunguke ovyo, na chini fraiwili ya meno 22. Kobe akapanda kama mbuzi! Lakini kwenye tambarare mjomba alizungusha mikono kama anayefukuza nyuki, na wazee wenye fimbo wakampita. Tukarudi nyuma kidogo. Juu tukaweka gia ya meno 28 iliyotoka kwenye baiskeli ya mtoto, chini ikabaki 22, cheni tukaikata ili isilegee. Sasa mzunguko mmoja unakwenda mita 2.8, na mwinuko ule ule unataka kama kilo 27 za mikono miwili. Karibu nusu!

Tukumbuke kwamba hakuna cha bure. Tulichopata kwa nguvu tumekilipa kwa mwendo, maana mjomba sasa huzungusha karibu mara mbili zaidi kwa safari ile ile. Gia haikupi nguvu mpya, inakuruhusu kulipa deni kidogo kidogo.

Jambo lingine dogo lilitushangaza. Pedeli za Kobe zilipishana kama za baiskeli ya kawaida, moja juu nyingine chini. Kwa kuwa usukani uko hapo hapo, mkono mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta, gurudumu la mbele linayumba kushoto na kulia, na Kobe alikuwa akitembea kama mlevi. Fundi aling'oa pini, akageuza mkono mmoja, pedeli zote zikatazama upande mmoja. Sasa mikono inasukuma pamoja, na kifua na mgongo vinasaidia.

TATU: MZIGO UKAE WAPI?

Tuliporudi kujaribu kwenye mwinuko, gurudumu la mbele lilizunguka papo hapo likirusha vumbi. Sababu ni kwamba sanduku la mizigo lilikuwa nyuma ya ekseli. Mzigo ukiwa huko unainua mbele, kama watoto wanavyoinuana kwenye ubao wa kupembea, na gurudumu linalovuta linakosa uzito wa kushika ardhi. Fundi alisogeza kiti na sanduku mbele, na kulishusha sanduku chini kadiri ilivyowezekana.

Kulishusha ni muhimu kwa usalama pia. Chombo cha magurudumu matatu kinasimama juu ya pembetatu. Ukikata kona kwa kasi, uzito unakimbilia upande ambao mbele hauna gurudumu la kuupokea. Huko Marekani, Honda ilianza kuuza pikipiki za magurudumu matatu za kupita porini mwaka wa 1970. Zilipendwa sana, lakini zilipindua na kuumiza watu wengi, wakiwemo watoto, hadi mwaka wa 1988 watengenezaji wakakubali kuacha kuziuza mpya nchini humo. Ikiwa mainjinia wakubwa yaliwakuta hayo, sembuse sisi na mabomba ya maji? Mzigo mzito uwe chini, na kona ichukuliwe pole pole.

NNE: BREKI

Fundi alisema kazi hii ndiyo angeianza kama mjomba angekuwa na haraka ya kuondoka. Aliweka mkono wa chuma kando ya kiti. Ukiuvuta, vipande viwili vya tairi nzee vinabana magurudumu ya nyuma. Katikati akaweka chuma kifupi kilichofungwa kwa bolti moja tu, kiweze kucheza kama mizani, ili upande mmoja ukigusa kwanza, nguvu ihamie upande wa pili hadi zilingane. La sivyo gurudumu moja litashika peke yake na baiskeli itazunguka. Mkono huo una tundu la kutia pini, hivyo mjomba anaweza kusimama katikati ya kilima akapumzika bila mtu wa kumshika.

Mwisho alichomelea chuma cha nje kwenye kila gurudumu la nyuma, ekseli ishikwe pande mbili badala ya moja. Awali zilikuwa zikipinda kwa sababu zilining'inia upande mmoja kama tawi lenye embe nyingi.

MATOKEO

Nisiwadanganye, Kobe hakugeuka swara. Magunia mawili bado yanataka msukumaji kwenye mwinuko. Lakini kwa gunia moja mjomba hupanda peke yake na huteremka peke yake. Anafanya safari nyingi ndogo badala ya moja kubwa, na faida haigawanywi. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kifunguliwe rasmi mwaka wa 2018, karatasi hukaguliwa mahali pamoja. Na mchuuzi mwenye bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hutumia cheti rahisi cha asili. Kwa hiyo safari ndogo ndogo za halali zinawezekana. Wapo wanaodhani kila baiskeli ya namna hii imebeba magendo. Mjomba huwaonyesha cheti chake bila kusema neno.

Siku ya kwanza nilimsindikiza nikiwa nimenyoosha mikono nyuma yake kwa mazoea. Alipofika kileleni alitia pini ya breki, akageuka, akaniambia, "Miaka yote hii, siku yangu ilikuwa haianzi mpaka mtu mwingine aamke. Leo nimeianza mwenyewe. Na wewe, nenda zako shule."

Ilikuwa Alhamisi. Nilifika kipindi cha tatu, nikaadhibiwa kwa kuchelewa, na nilifagia ule uwanja nikipiga mluzi.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, mkikutana na mtu anayepanda kilima na baiskeli ya mikono, msikimbilie kusukuma kabla ya kumwuliza. Pengine hahitaji msukumo bali grisi, uzi wa kupimia na gia yenye meno machache. Kobe wetu bado yuko kazini. Mnakaribishwa kumpima kwa hatua, lakini mwombeni ruhusa mwenyewe kwanza.