Wadudu Hutaka Maji, Lami Hutaka Mafuta

Januari 2020, ndege ya Boeing 737 ya Shirika la Ndege la Ethiopia ilikuwa ikitoka Djibouti kwenda Dire Dawa. Ikiwa inakaribia kutua ikaingia katikati ya kundi la nzige. Wadudu wakatapakaa puani, kwenye injini na kwenye kioo cha rubani. Waipa zikawashwa, zisisaidie kitu. Kwa kuwa mbele hapaonekani, rubani aligeuza ndege hadi Addis Ababa, ikatua huko salama.

Madereva wa ardhini hawawezi kukishangaa sana kisa hicho. Anayesafiri usiku kutoka Morogoro kwenda Iringa mvua za kwanza zinaponyesha, au anayekatiza Tsavo kabla ya mapambazuko, anajua gari hufika na sura gani: kumbikumbi wamegandamana kwenye bampa, mabawa yamejaa kwenye matundu ya rejeta, na juu ya boneti kuna madoa ya njano na kahawia yasiyo na jina. Kama njiani kulikuwa na kipande cha barabara kinachotengenezwa, nyuma ya matairi na chini ya milango huwa pamerukiwa na vitone vyeusi vya lami. Utingo huteremka na ndoo, sabuni ya unga na stilwaya, akaanza kusugua vyote kwa mpigo mmoja.

Gari huumia hapo. Barabara ilikuwa imechafua tu. Mkwaruzo unaletwa na mkono unaosafisha. Wadudu na lami ni uchafu wa tabia mbili tofauti kabisa. Mdudu ana maji mwilini, na mabaki yake yakiloweshwa hulainika. Lami ni mabaki mazito ya mafuta ghafi yaliyosafishwa, na hata ikilowekwa juma zima haitajali maji. Anayetumia dawa moja kwa vyote viwili hulazimika kuongeza nguvu, na rangi ya gari haikutengenezwa kuhimili nguvu hizo.

Rangi yenyewe ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye gari la kisasa, juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi, na mwisho vanishi angavu inayotoa mng'ao. Vyote kwa pamoja kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 150. Ile vanishi ya juu, ambayo ndiyo ngao ya rangi, mara nyingi ni mikroni 40 hivi; ukigawa milimita moja mara 1,000, ngao hiyo ni sehemu 40 tu. Stilwaya huikwaruza kwa mvuto mmoja. Fundi akiipiga polishi ili kufuta mikwaruzo, huwa anapunguza unene huohuo, na kazi hiyo haiwezi kurudiwa bila kikomo.

Mdudu aliyechunguzwa zaidi kwa uharibifu wa magari hayuko Afrika. Yuko Florida na majimbo jirani ya kusini mwa Marekani, na kisayansi huitwa Plecia nearctica. Dume na jike huruka wakiwa wameshikana, kwa hiyo wenyeji wamempa jina la mdudu wa mapenzi. Huibuka kwa wingi mara mbili kwa mwaka, karibu na Mei na tena karibu na Septemba, na watafiti wamegundua kwamba moshi wa magari uliopigwa na jua huwavutia kwenye barabara kuu. Miaka mingi imevuma habari kwamba Chuo Kikuu cha Florida ndicho kilichomtengeneza. Ni uzushi: mdudu huyo alielezwa kitaalamu mwaka 1940 kutokana na sampuli za Texas, na akafika Florida kwa safari yake mwenyewe.

Mwili wake mbichi una asidi kidogo sana, pH ya 6.5 hivi. Akipondeka kwenye bati na kuachwa hapo siku moja, vijidudu huanza kumwozesha na kipimo hushuka hadi karibu 4.25, asidi inayoweza kuacha alama kwenye rangi. Kumbikumbi na nzige wana miili yao na si lazima wafuate tarakimu hizo. Hata hivyo jambo la msingi halibadiliki: protini ya mdudu, ikikaushwa na jua kwenye boneti jeusi ambalo joto lake hupita nyuzi 60 bila shida, hushika kama ute wa yai uliokaukia kwenye sahani. Mabaki ya jana hutoka kwa kitambaa chenye maji. Ya wiki iliyopita huanza kudai subira.

Na subira ndiyo dawa yake. Gari huwekwa kivulini, boneti likiachwa lipoe, kisha humwagiwa maji safi ili mchanga uondoke kwanza, maana chembe za mchanga ni ngumu kuliko vanishi na zikinaswa ndani ya kitambaa hugeuka msasa. Baadaye taulo kuukuu au gazeti lililolowa maji yenye shampuu ya gari hulazwa juu ya madoa kwa dakika 10 au 15, likiongezewa maji kabla halijakauka. Likiinuliwa, sehemu kubwa ya uchafu huinuka nalo. Vinavyobaki ni vipande vya maganda, ambavyo kwa asili yake haviyeyuki katika maji, lakini gundi iliyovishika imekwisha kulainika na kitambaa cha mikrofaiba huvifuta bila kubanwa. Kama bado vimeng'ang'ania, taulo hurudishwa. Wenye mashine ya presha hutamani kulipua kila kitu kwa karibu. Kwenye bampa la plastiki lililopigwa rangi upya, maji hayo yanaweza kuondoka na rangi.

Kioo cha mbele ni kigumu kuliko rangi, na wembe ulioshikwa kwa ulalo juu ya kioo kilicholowa hufanya kazi vizuri. Taa za siku hizi ni jambo lingine. Si kioo, ni plastiki ya polikaboneti, na wembe hauna ruhusa hapo. Rejeta nayo isisahaulike: mabawa yaliyojazana huzuia upepo, na injini ikianza kuchemka mlimani dereva humlaumu fundi wa rejeta.

Uingereza wadudu hawa wa kwenye magari wamefanywa kipimo cha mazingira. Mwaka 2004 shirika la RSPB, linalohifadhi ndege wa porini, liliwapa madereva kipande cha plastiki cha kubandika mbele ya gari ili wahesabu waliogonga. Hesabu za namna hiyo ziliporudiwa kwenye vibao vya namba mwaka 2021, idadi ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 60. Bampa linalobaki safi si habari njema kila mahali.

Lami nayo hufika kwenye gari kwa njia zake. Wakandarasi wanapojenga, tabaka la chini lililoshindiliwa hupuliziwa lami iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo mafundi wa barabara huitambua kwa namba MC-30. Hiyo huhitaji siku nzima au zaidi ili izame na kukauka, na gari linalopitishwa hapo kabla ya wakati huondoka na michirizi mieusi ubavuni. Kwenye ukarabati wa juu, lami ya moto hupulizwa, kokoto zikamwagwa na kushindiliwa, kisha magari yakaruhusiwa yapite yakizikandamiza zaidi. Kibao cha kupunguza mwendo kinachowekwa hapo wengi hukidharau. Tairi linalokwenda kasi hurusha kokoto na vitone vya lami, na wa kwanza kupigwa ni mlango wa gari hilohilo.

Kwa kuwa lami ni zao la mafuta, huyeyushwa na mafuta. Gari likishaoshwa na kukaushwa, kitambaa laini kilicholowa mafuta ya taa kidogo hugusishwa kwenye doa kwa dakika moja, kisha hufutwa taratibu kuelekea upande mmoja. Kitambaa kikichafuka hugeuzwa, la sivyo weusi husambazwa mlango mzima. Dawa za dukani za kuondoa lami hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, zikiwa zimechanganywa kwa ajili ya rangi ya gari, na mwenye uwezo afadhali atumie hizo. Siagi au mafuta ya kupikia navyo hulainisha lami, polepole mno, lakini ni vipole kwa rangi. Baada ya chochote cha mafuta, mahali hapo huoshwa kwa sabuni. Gari jeupe lisiachwe kusubiri: mafuta yaliyomo kwenye lami mbichi hujipenyeza na kuacha kivuli cha kahawia hata doa lenyewe likiondoka.

Petroli hutoa lami haraka, na kwa sababu hiyo inapendwa. Mvuke wake unaweza kushika moto kwa cheche ndogo, tena karibu na injini ambayo haijapoa. Thina ni hatari ya namna nyingine, na hapa mwenye gari anahitaji kujua historia ya rangi yake. Magari mengi ya mitumba yanayoshuka Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani bado yana rangi ya kiwandani, iliyookwa kwa joto kali hadi ikakaza. Lakini bampa lililogongwa na kupigwa rangi gereji ya mtaani huenda likawa na rangi ya NC, ambayo hukauka kwa thina kuvukiza tu. Ikiguswa na thina tena, huyeyuka papo hapo, hata kama ina miaka mitano. Rangi ya 2K, inayochanganywa na kigumisho chake, hustahimili zaidi. Asiyejua alicho nacho ajaribu dawa yoyote mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya ukingo wa mlango, aangalie kama kitambaa kimebeba rangi. Wenye matatu za Nairobi zilizopambwa kwa michoro na stika wana sababu ya ziada ya kuogopa viyeyusho: kiyeyusho hakichagui kati ya doa la lami na gundi ya picha iliyolipiwa.

Lami ya miezi mingi, ngumu na ndogo kama punje, hutolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, uliobuniwa na Mjapani Tadao Kodate na kusambaa duniani tangu miaka ya 1990. Hutelezeshwa juu ya bati lililoloweshwa maji ya sabuni na kunasa kilichojitokeza juu ya rangi. Ukidondoka chini hutupwa, maana umekwisha kuokota mchanga.

Nta hupakwa baada ya hapo. Ile ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, huweka ukuta mwembamba juu ya vanishi, na wadudu wa safari inayofuata hushika nta kabla hawajafikia rangi. Haidumu, sabuni kali ya vyombo huiondoa mapema, nayo ndiyo inayopendwa vituo vingi vya kuosha magari kwa sababu ya povu lake.

Limebaki suala la maji machafu. Kisumu, kwa miaka mingi magari yameingizwa hadi ndani ya Ziwa Victoria kuoshwa, waoshaji wakiwa wamesimama majini. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Marekani waliwafuatilia vijana hao kwa ajili ya kichocho: walitibiwa, wakarudi kazini, wengi wakaambukizwa tena kwa vimelea vya konokono walewale wa ufukweni. Mafuta ya taa yaliyobeba lami huingia katika maji hayohayo ya samaki. Kitambaa cha lami kikaushwe mahali penye hewa, mbali na moto, kitupwe na taka ngumu, na gari lisuuzwe juu ya changarawe au kwenye kituo chenye shimo la kutenganisha mafuta.