Vakansi juu ya Lualaba: bei ishuke kwa starehe, isishuke kwa uhai

Mwezi wa saba ukikaribia, kila mchimbaji anabeba hesabu moja kichwani: bibi na watoto watafika namna gani nyumbani kwa vakansi? Masomo yanafungwa, watoto wanauliza kila jioni, na bibi yao wa Lokandu ametuma habari mara ya tatu kwamba anataka kuona wajukuu. Ndugu wengi wako Kalima, wengine Kailo, wengine kwenye machimbo ya mbali ambako simu inashika siku moja, siku mbili inakataa. Wote wakifika Kindu, njia ya kwenda kwetu ni ileile: mto.

Sisi wa sendika hatukuandika haya kusudi tuogopeshe watu. Tuliona tu kwamba jamaa zetu zinachagua mashua kwa kuuliza neno moja, "ngapi?", kiisha zinapanda. Neno hilo ni la lazima, mshahara wetu tunaujua. Lakini peke yake halitoshi. Ndiyo sababu tunataka kupanga njia zote mbele ya msomaji, kama vile mama sokoni anavyopanga mafungu ya mihogo, kila mtu aangalie juu na chini mbele ya kulipa.

Wenye makuta wanachagua namna gani

Huko Marekani na Ulaya kuna jamaa zinazolipa meli kwa kutembea tu. Haziendi kwenye matanga, haziendi kuuza mchele. Meli inazunguka visiwa, kiisha inawarudisha palepale ilipowachukua. Kampuni ya Disney iliingia katika kazi hiyo mwaka 1998, na meli yake ya kwanza, Disney Magic, iliyotengenezwa kwa kufurahisha watoto. Meli Icon of the Seas ya kampuni Royal Caribbean ilianza kazi mwaka 2024 kutoka Miami, na inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Hiyo si meli tena, ni mji.

Hata wale watu wanabishana juu ya bei kama sisi. Meli ya jina kubwa ni ghali, lakini vitu vingi vimo ndani ya tiketi. Ile ya bei nafuu inavuta watu kwa tiketi ndogo, kumbe ukiisha kupanda unalipa kinywaji, unalipa intaneti, unalipa bahashishi ya watumishi. Papa anashuka na deni.

Lakini tuangalie jambo moja. Kati ya meli ghali na meli nafuu, kinachobadilika ni kitanda, chakula na michezo. Jile ya mtoto haibadiliki. Titanic ilizama mwaka 1912 na watu karibu 1,500 wakafa. Mashua zake za kuokolea zilitosha karibu nusu tu ya watu waliokuwa ndani. Miaka miwili nyuma ya hapo, mwaka 1914, mataifa yakafanya mapatano ya usalama wa baharini. Mwaka 2012 meli Costa Concordia iligonga jiwe Italia, watu 32 wakafa, na kanuni ikakazwa tena: abiria waonyeshwe jile na pa kukimbilia mbele ya meli kuondoka, ao mara tu inapoondoka. Tajiri na mtu wa tiketi ndogo wanaonyeshwa sawasawa.

Hapo ndipo tofauti yetu na wao. Kwetu, mashua ikishusha bei, mara nyingi kitu cha kwanza kinachoondolewa si kitanda, maana kitanda hakikuwapo. Kinachoondolewa ni uhai.

Njia zetu, moja moja

Lualaba inapitika kwa mashua kati ya Kindu na Ubundu, karibu kilometa 310. Zamani za Wabelgiji, kampuni ya CFL iliunga mto na reli. Kati ya Kisangani na Ubundu, ambako maporomoko yanafunga njia ya maji, walijenga reli ya kilometa 125, ikafunguliwa mwaka 1906. Kutoka Ubundu mashua ilipanda mpaka Kindu, na pale Kindu reli ingine ikaendelea upande wa Kongolo. Mwaka 1974 kazi hizo za reli na maji ziliunganishwa chini ya kampuni ya taifa, ile tunayoiita leo SNCC. Wazee wetu walijua meli yenye ratiba, tiketi na mtu wa kujibu. Leo jamaa za wachimbaji hazikai kungojea meli ya kampuni. Zinapanda kile kilichoko pale kivukoni.

Cha kwanza ni mtumbwi wa makasia. Bei yake ni ndogo, na mwenye mtumbwi anafuata kando ya mto. Kwa safari fupi, mtu mzima mmoja na mzigo mdogo, ni sawa. Kwa mama na watoto watatu, pamoja na gunia la mchele na mbuzi, si sawa hata kidogo. Mtumbwi hauna nafasi ya mtoto kugeuka, na mawimbi ya mashua ya moteri yanayopita karibu yanatosha kuupindua.

Cha pili ni ile mashua ya mbao yenye moteri ambayo sisi wote tunaita balenyeri. Hiyo ndiyo inayobeba Maniema: watu, mchele, mafuta ya ngazi, samaki ya moshi, sabuni, baiskeli. Kuna balenyeri nzuri yenye bashi juu, mbao kavu, kapiteni anayejua mchanga uko wapi. Kuna ingine ambayo mtu mmoja kazi yake ni kutoa maji kwa ndoo toka asubuhi mpaka jioni. Zote mbili zinaitwa jina moja, na bei zao hazipitani sana.

Cha tatu ni kanoti ya mbio. Inafika haraka, watoto hawalali njiani, na mara nyingi jile ziko. Bei yake inauma, na mzigo unapimwa. Lakini usifikiri kwamba mbio peke yake ni usalama: kanoti iliyojazwa kupita kipimo inazama kama nyingine.

Cha ine ni pikipiki. Wakati wa kiangazi inasaidia. Lakini mama na watoto watatu ni pikipiki mbili, na vivuko vya njiani vinalipwa. Mvua ikinyesha, barabara inakuwa ni kusukuma.

Tiketi si bei yote

Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kuonyesha namna ya kuhesabu tu, kila mtu aweke za kwake. Mama anasafiri na watoto watatu. Balenyeri ya kwanza inaomba franka 20,000 kwa mtu mkubwa na 10,000 kwa kila mtoto: jumla 50,000. Inaondoka siku iliyosemwa. Balenyeri ya pili inaomba 14,000 na 7,000: jumla 35,000. Papa anafurahi, ameokoa 15,000.

Lakini ile ya pili haiondoki mpaka ijae. Mama anangoja siku mbili kivukoni. Kulisha watu wane, tuseme 8,000 kwa siku, ni 16,000. Kiisha mtu wa mizigo anatokea na kusema magunia hayamo ndani ya tiketi: 5,000. Jumla imekuwa 56,000. Mashua ya "bei chini" imepita ile ingine kwa 6,000, na bado hatujahesabu mtoto aliyelala inje na mbu kwa usiku mbili. Malaria nayo ina bei yake pale hospitali.

Basi swali la kuuliza si "tiketi ngapi?" Ni "mpaka niweke mguu Lokandu, nitakuwa nimetoa ngapi?"

Kile ambacho hakirudishwe

Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti Merdi ilitoka Minova na kuzama juu ya ziwa Kivu, karibu kabisa na kivuko cha Kituku pale Goma. Watu walikuwa wanaona kwa macho. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ndani mlikuwa watu 278 na kwamba 78 wamekufa. Wale watu hawakupenda maji kuliko barabara. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, wakapanda kile kilichokuwapo.

Mwezi wa 4 mwaka 2025, mashua ya mbao HB Kongolo iliungua karibu na Mbandaka. Habari zilizotolewa zilisema moto ulianza kwa mama aliyekuwa anapika ndani. Zaidi ya watu 140 walikufa, na wengine walikufa kwa sababu waliruka ndani ya maji na hawakujua kuogelea.

Sisi wafanyakazi tukumbuke hasa mwezi wa 5 mwaka 2019, ziwa Mai-Ndombe. Katika mashua iliyozama pale mlikuwa walimu wengi, safari yao ilikuwa ya kupokea mshahara. Mwezi mmoja mbele ya hapo, mashua ingine ilikuwa imezama juu ya ziwa Kivu, na Rais Félix Tshisekedi akaamuru kwamba kila abiria avae jile. Amri iko. Swali ni nani anaisimamia pale kivukoni saa kumi na mbili asubuhi, wakati mashua inajazwa.

Angalieni vizuri: Merdi ilikuwa imejaa kupita. Kongolo ilikuwa na moto juu ya mbao. Hakuna hata moja ya sababu hizo inayoitwa "bahati mbaya". Zote mtu anaweza kuziona kwa macho mbele ya kupanda.

Mama aangalie nini kivukoni

Kwanza, maji yako wapi juu ya ubao wa pembeni. Kama maji yanakaribia ukingo wakati mashua ingali imefungwa, mtoni itakuwa vibaya zaidi. Shuka, hata kama umelipa.

Pili, jile. Isiwe ile iliyofungwa ndani ya mfuko mbele kwa kuonyesha polisi ya mto. Uliza yako, vaa, funga. Ya mtoto iwe ya kipimo chake: jile ya mtu mkubwa inapita kichwani kwa mtoto na kumwacha ndani ya maji. Kama hakuna kabisa na safari ni ya lazima, bidoni tupu la litre 20, lililofungwa vizuri na kamba ya kushikia, linaelea na linaweza kusaidia mtu. Si jile, lakini ni kitu.

Tatu, saa. Mashua ya mbao isisafiri usiku. Vakansi kubwa inaanguka wakati wa kiangazi, maji yamepunguka, mchanga na miti iliyozama iko karibu. Mchana kapiteni anaona. Usiku anakisia.

Ine, moto. Chakula kipikwe nyumbani: wali, samaki, chikwanga vinakaa siku nzima. Mashua yenye jiko karibu na bidoni za esansi, iache iende.

Tano, majina. Kila mara mashua inapozama, hesabu ya waliokufa inabadilika kila siku, kwa sababu hakuna orodha. Dai jina lako na ya watoto yaandikwe, kiisha tuma kwa simu jina la mashua na saa ya kuondoka kwa papa aliyebaki mgodini.

Sita, pombe. Kapiteni akiwa amelewa, mashua imelewa.

Kazi yetu sisi wote

Tunajua neno ambalo msomaji anasema sasa: "Mambo haya yote ni mazuri, lakini mfuko wangu?" Ni kweli. Kwa hiyo hatutaki kuachia mama peke yake mzigo huu.

Kwa wale walioandikwa kazi na kampuni: Kanuni ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002, inaweka juu ya mwajiri gharama za safari za mfanyakazi, za mwenzi wake na za watoto anaowalea, toka pahali alipoandikiwa kazi mpaka pahali pa kazi, na kurudi mkataba ukiisha. Someni mikataba yenu. Jueni kilichoandikwa juu ya safari ya vakansi, na leteni kwa mjumbe wa sendika kisichoeleweka. Pesa ya safari ikitolewa siku ile masomo yanafungwa, jamaa inaanguka kwenye mashua ya mwisho, iliyojaa kuliko zote. Sisi wenyewe tumeona mwajiri mmoja akitoa pesa hiyo wakati watoto walikuwa wamekwisha kurudi masomoni. Kwa hiyo hatuombi kiasi tu, tunaomba tarehe.

Kwa wachimbaji wa mkono, ambao hawana mwajiri, njia ni koperative na likelemba. Watu kumi wakiweka kidogo kila juma toka mwezi wa kwanza, mwezi wa saba jamaa kumi zinaweza kupatana na mwenye balenyeri nzuri kwa sauti moja: siku gani, watu wangapi bila kupita, jile ngapi. Mwenye mashua anajua kuhesabu. Akiona abiria arobaini wanakuja pamoja na makuta mkononi, atanunua jile. Akiona mama mmoja mmoja anabembeleza bei, hatanunua.

Tena likelemba inaweza kununua jile za watoto na kuzihifadhi. Mtoto wa huyu anavaa juma hili, wa yule juma lijalo. Jile inadumu miaka ikikaushwa vizuri kivulini.

Kamati zetu za migodi zianze orodha sasa: nani anapeleka jamaa, siku gani, watoto wangapi na umri wao. Pelekeni orodha kwa mjumbe wenu mbele ya mwisho wa mwezi wa tano. Tukishika namba hizo, tutakwenda kuongea na wenye mashua pale Kindu tukiwa wengi, kuliko kila mtu peke yake asubuhi ya safari na mtoto mgongoni.