Ngoma za Meksiko na Mzazi Aliyesahauliwa

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini wapo watu waliofanywa watumwa kwelikweli, na asili yao hawakuiacha. Hao ni Waafrika wa Meksiko.

Wahispania waliiteka nchi hiyo mwaka 1521. Tangu hapo damu tatu zilichanganyika humo: ya wenyeji, ya watekaji, na ya Waafrika waliovushwa bahari minyororoni. Ukitaka kuzitambua, tazama ngoma za mikoani.

Huko Sonora, kaskazini, Wayaqui hucheza ngoma ya kulungu. Mchezaji hufunga kichwa cha kulungu utosini, hushika manyanga mikononi, na miguuni huzungushia njuga za vifuko vya viwavi vilivyokauka. Hiyo ni ngoma ya wenyeji. Jalisco, upande wa magharibi, ina jarabe tapatío: mwanamume humposa mwanamke kwa hatua za visigino, kisha kofia yake pana hutupwa chini, nao wakaizunguka wakicheza. Visigino hivyo asili yake ni Hispania.

Je, Mwafrika yuko wapi? Mtafute Veracruz, pwani ya mashariki, ambako wachezaji hupanda juu ya jukwaa la mbao na miguu yao ikawa ndiyo ngoma. Mwaka 1766 mahakama ya Kanisa iliipiga marufuku Chuchumbé, ngoma iliyopendwa na watu weusi na machotara wa huko, kwa kuiona ya aibu. Mtafute pia Costa Chica, pwani ya Pasifiki. Kila mwanzo wa Novemba, siku za kuwakumbuka wafu, wachezaji huvaa vinyago vyenye pembe na ndevu za singa za farasi, wakacheza Ngoma ya Mashetani kwa mlio wa taya la punda na ngoma inayosuguliwa kijiti hata ikanguruma.

Hata hivyo, kwa miaka mingi taifa lilijieleza kuwa mtoto wa wazazi wawili tu, Mwenyeji na Mhispania. Mwaka 2019 ndipo Katiba ilipowatambua Wameksiko wenye asili ya Afrika, na sensa ya mwaka 2020 ikawahesabu: watu zaidi ya 2,500,000.

Vitabu viliponyamaza, ngoma ndiyo iliyowatunzia kumbukumbu. Basi, msomaji, mzee wako akianza kuimba ngoma ya kwao, usimwambie kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Waite watoto, wakae wajifunze.