Je, Wajua? Kilo Chache, Mikanda Mizito

Ukitaja ngumi za kulipwa, watu hukutajia Ali, Foreman na Tyson. Leo tuwaachie nafasi mabondia ambao mzani hausumbuki kuwapima.

Je, wajua kwamba uzani wa chini kabisa katika ngumi za kulipwa za wanaume unaishia kilo 47.6? Daraja linalofuata linaishia kilo 49. Tofauti yake haifiki hata pakiti ya unga ya kilo mbili, lakini ukiizidisha kwenye mzani, mkanda hupewi.

Je, wajua kwamba mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia hakuwa wa uzani wa juu? Ni George Dixon, mzaliwa wa Kanada, aliyetwaa ubingwa wa uzani wa bantam mwaka 1890. Jack Johnson, wa uzani wa juu, alikuja kutwaa wake 1908.

Je, wajua kwamba Jimmy Wilde wa Wales, bingwa wa fly kuanzia 1916, mara nyingi alipanda ulingoni akiwa hafiki kilo 46? Utotoni alifanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe.

Je, wajua aliyemvua ubingwa? Pancho Villa wa Ufilipino alimwangusha kwa KO raundi ya saba, New York, Juni 1923, akawa bingwa wa dunia wa kwanza kutoka Asia. Miaka miwili baadaye maambukizi yaliyoanzia kwenye jino yalimuua akiwa na miaka 23.

Je, wajua kwamba Nigeria ilipata bingwa wake wa kwanza wa dunia kabla ya kupata uhuru? Hogan Bassey alitwaa ubingwa wa feather jijini Paris mwaka 1957.

Je, wajua kwamba Vic Toweel wa Afrika Kusini alimwangusha Danny O'Sullivan mara 14 katika pambano moja la ubingwa wa bantam, mwaka 1950?

Je, wajua kwamba Jacob "Baby Jake" Matlala, naye wa Afrika Kusini, alikuwa na urefu wa sentimita 147 tu? Hakuna bingwa wa dunia aliyewahi kuwa mfupi kuliko yeye. Nelson Mandela alikuwa shabiki wake. Desemba 2013 walifariki wakipishana siku mbili.

Je, wajua kwamba Khaosai na Khaokor Galaxy wa Thailand ni mapacha wa kwanza kuwa mabingwa wa dunia? Khaosai peke yake alitetea mkanda wake mara 19.

Je, wajua kwamba Rogers Mtagwa, Mtanzania, nusura aupate mkanda wa dunia wa super-bantam katika ukumbi wa Madison Square Garden, Oktoba 2009? Juan Manuel López alimaliza raundi ya 12 akipepesuka, ila pointi zikambeba.

Je, wajua kwamba Mkenya Fatuma Zarika alifika pale Mtagwa alipokwama, katika uzani huohuo kwa wanawake? Mwaka 2016 alisafiri hadi Michigan, Marekani, akampokonya Alicia Ashley mkanda wa WBC, kisha akautetea Nairobi.

Je, wajua kwamba Manny Pacquiao alianza ngumi za kulipwa 1995 akiwa na miaka 16? Alitwaa mkanda wa fly mwaka 1998, na kufikia 2010 alikuwa amekuwa bingwa katika madaraja manane, hadi super-welter. Hakuna mwingine aliyefikisha idadi hiyo.

Je, wajua kwamba baada ya Mike Tyson kupigwa na Buster Douglas ndani ya Tokyo Dome mwaka 1990, uwanja huo ulikaa miaka 34 bila pambano la ngumi? Aliyezirudisha, Mei 2024, ni Naoya Inoue, bingwa wa super-bantam, uzani usiozidi kilo 55.3. Luis Nery alimkalisha chini raundi ya kwanza, mara ya kwanza katika maisha yake ya ulingoni. Inoue akainuka, akammaliza Nery raundi ya sita.