Waya ya intaneti inabadilisha sauti ya redio nyumbani?

Mtu wa Masisi-centre ao wa Mubi mwenye kupata intaneti nyumbani hakawii kusikiliza redio kupitia kule. Sahani za Starlink zilipata ruhusa ya ARPTC mwezi wa tano 2025, na swali limeanza kurudi: waya ya kutoka kwenye kisanduku cha intaneti kwenda kwenye bafle ao kompyuta, je, inaweza kufanya sauti iwe nzuri ao mbaya? Wauzaji wengine wanasema ndiyo. Waya mbili za urefu mmoja, kichwa kile kile cha plastiki, lakini moja iko bei kali, «juu hii njo inatoa sauti safi».

Jibu ni hapana. Lakini muuzaji hakutoa neno lake hewani, sababu kuna waya ambazo kweli zinabadilisha sauti, na watu wa teritware hizi mbili wanazijua tangu zamani.

Tuchukue transistor. Mawimbi ya FM yanaenda sawasawa kama mtu anayetazama mbele: kilima kikisimama katikati, kwako kunafika paka shhhh. Masisi ni vilima vitupu. Ndiyo maana watu wanafunga waya ya shaba kwenye antene na kuipandisha juu, na sauti inarudi. Wimbi la FM la karibu megahezi 100 lina urefu wa metre 3. Robo yake ni sentimetre 75, kwa hiyo waya ya sentimetre 75 iliyosimama wima mara nyingi inashinda waya ndefu iliyokunjwa-kunjwa juu ya bati. Waya ya ampli kwenda kwa bafle nayo ni vile: ikiwa nyembamba na ndefu, inakula nguvu. Katika waya hizo sauti yenyewe njo inapita, kama maji katika mufereji. Uchafu wa njiani wote unafika nyumbani.

Katika waya ya intaneti hakupiti sauti. Kunapita namba. Sauti inapimwa mara nyingi sana kila sekunde (kwenye CD ni mara 44,100), vipimo vinaandikwa kwa namba, namba zinafungwa katika vifurushi vidogo. Kila kifurushi kina namba ya kuhakikisha. Ni kama mama wa soko anayeagiza kwa simu: maharagi mifuko 3, viazi 5, ngano 2, jumla 10. Mwenye kupokea akisikia jumla haipatani, anaomba arudiliwe. Na sauti ya yule mama ikiwa imekauka na mafua, mifuko ya viazi inabaki 5.

Tena kifaa kinajiwekea akiba ya sekunde kadhaa mbele ya kucheza, hivi kifurushi kilichochelewa kinapata muda wa kufika. Redio nyingi zinatuma sauti kwa kilobiti 64 ao 128 kwa sekunde. Waya ya kawaida ya aina ya Cat 5e inabeba mpaka kilobiti milioni moja kwa metre 100. Ukigawanya kwa 64, ni mara zaidi ya 15,000.

Kwa hiyo waya mbovu inajulikana kwa namna nyingine: sauti inakatika, inasimama, inarudi. Haiwezi kuifanya iwe nzito zaidi ao laini zaidi. Uzuri wa sauti unatoka kwa ile redio, namna inavyokamua sauti mbele ya kuituma, kisha kwa bafle yako. Na mvua ya Walikale ikipiga juu ya bati, hakuna waya ya bei yoyote itakayoishinda.

Lakini kuna watu waliobadilisha waya na kweli wakasikia tofauti, na hawasemi uongo. Ule mvumo wa hmmm unatoka kwa umeme: chaja ya bei chini, ao kile kifaa cha kugeuza umeme wa batri ya jua. Waya yenye ganda la chuma inaweza kuunganisha vifaa viwili na kupitisha mvumo ule mpaka kwa ampli. Kupima ni rahisi: chomoa waya wakati redio inacheza. Akiba itaendelea sekunde kidogo. Mvumo ukibaki, waya haina kosa. Ukipotea, badilisha chaja, ao tumia waifai. Chaja hizo zinasumbua hata transistor ya FM. Ukiisogeza metre mbili, mara nyingi inatulia.

Kama bado mashaka iko, mwambie mtoto abadilishe waya mara kumi bila wewe kuona, ukisie iko gani.

Waya ya kununua ni ile ya shaba yenyewe, si aluminiamu iliyopakwa shaba, sababu hiyo inavunjika upesi. Vichwa vyake viwe mbali na unyevu na panya. Makuta inayobaki iende kwa batri. Sahani ya kawaida ya Starlink inakula wati makumi kadhaa muda wote iko inafanya kazi, na transistor ndogo haifikishi hata wati mbili. Batri ikishuka usiku na watu wanataka kujua habari ya barabara ya Sake–Masisi, ni ile transistor itakayobaki inasema.